Mbwa wa Kumsikilizia Bibi

Asubuhi ile Bupe alikuwa nje ya dirisha la chumba cha bibi yake, anamtekenya nyayo kwa fimbo ya mwanzi aliyoifunga kitambaa kwenye ncha.

Haukuwa utundu. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda bombani, huku nyuma bibi akaamka, akakuta mlango uko wazi, akashusha komeo kama mtu mwenye akili zake, akarudi kulala. Bupe aliporudi na ndoo kichwani akagonga. Akagonga tena. Kupaza sauti hakuweza kabisa, maana nyumba za Iyunga, Mbeya, zimebanana, ukimwita mtu wako wanaitika watu saba, na Bupe alikuwa mtu wa kusalimia kwa kichwa. Shuleni mwalimu alikuwa anamwita jina, yeye anaitika, na bado anaandikwa hayupo. Basi akatua ndoo, akatafuta fimbo.

"Panya," bibi akasema kule ndani, akavuta mguu.

Bupe akatekenya mguu wa pili.

"Panya gani huyu, anagawa kwa haki." Bibi Tusekile akafungua jicho, akaiona fimbo, akaifuata kwa macho mpaka dirishani, akaukuta uso wa mjukuu wake umelowa maji ya ndoo. "We Bupe. Si ungegonga tu, nikufungulie?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Bibi alikuwa hasikii, na alikuwa hakubali kwamba hasikii. Kwa maelezo yake, watu wa siku hizi ndio wameacha kuongea vizuri, wanameza maneno. Lakini mwezi uliopita mtu aliingia mchana kweupe, akabeba mtungi wa gesi jikoni, akaondoka nao, na bibi yupo sebuleni, mgongo mlangoni, anamenya ndizi. Jirani aliyemwona akasema mwizi yule alikuwa na adabu zake. Alipiga hodi tatu, kama mgeni yeyote, ndipo akaingia.

Mchana ule bibi alicheka kuliko wote. Bupe hakucheka. Bupe alikuwa anahesabu siku. Yeye ni kidato cha nne, na baada ya wiki mbili wanafunzi wote wa kidato cha nne walikuwa wanaingia kambi ya mitihani, kulala hukohuko shuleni mpaka mtihani wa mwisho, simu marufuku. Bibi angebaki peke yake na mlango wake. Na fimbo ya mwanzi nani angeishika?

Ndipo lilipomjia wazo la mbwa. Mbwa mdogo wa ndani, wa kusikia hodi na kwenda kumparua bibi sketi. Mdogo lazima, kwa sababu mbwa wa jirani, ambaye ni kama ndama, aliwahi kumsalimia bibi kwa furaha mpaka bibi akatembelea mkongojo miezi mitatu. Nyonga ya mzee haina spea.

"Mbwa wa kunisikilizia nini?" bibi akauliza. "Mimi nasikia."

Bupe akasogea nyuma yake, akasema polepole, "Bibi, nyumba inaungua."

"Unaona?" bibi akasema. "Nyumba nzima kimya. Hakuna hata cha kusikilizwa."

Basi Bupe akaanza kutafuta. Mtandaoni alikuta vijibwa vya manyoya vya Dar es Salaam, vimevalishwa utepe, laki nane, laki tisa, kimoja milioni moja na nusu na picha yake kimekaa kwenye gari. Bupe alikuwa na laki na ishirini, hela ya maparachichi ya mti wa bibi pamoja na alizotunza tangu kidato cha pili. Kwa laki na ishirini ungepata utepe.

Binamu yake, Lusekelo, akamwambia asijisumbue. Lusekelo alikuwa utingo wa lori, kijana wa maneno mengi, kama vile fungu la maneno la ukoo mzima walimpa yeye, Bupe akaambiwa yameisha. Akampeleka kwa jamaa mmoja pembeni ya soko, ana watoto wa mbwa kwenye boksi la sabuni, elfu thelathini kila mmoja. Watoto wenyewe matumbo yamejaa kama ngoma, macho yana utando, wanalala huku wamesimama.

"Mama yao yuko wapi?" Bupe akamnong'oneza Lusekelo.

"Anauliza mama yao yuko wapi," Lusekelo akatangaza.

"Mama yao wa nini?" jamaa akasema. "Unanunua mbwa au unaoa?"

Bupe akamvuta Lusekelo shati, wakaondoka. Lakini neno la yule jamaa likabaki kichwani. Kesho yake, akitoka shule, akaingia kwenye duka la dawa za mifugo la dada mmoja anaitwa Waridi. Waridi alikuwa mtu wa ukoo wa Pwani, amezaliwa Mbeya, kilemba chake hakikosi pini, na mbwa hamgusi hata kwa kalamu. Ila kila chanjo ya mbwa inayoingia mtaa ule inalala kwenye friji yake.

Bupe alikaa pale kaunta mpaka wateja watano wakahudumiwa mbele yake. Mwisho Waridi mwenyewe akasema, "Na wewe, mwanangu, umekuja kununua au umekuja kukaa?"

Bupe akamsukumia daftari. Ameandika yote humo, bibi, mtungi, kambi, laki na ishirini.

Waridi akasoma taratibu, akavua miwani. "Mimi siwajui mbwa, nawajua wenye mbwa. Wanaouza sana siwaoni hapa dukani. Wanaochanja ndio nawaona. Kuna mzee yuko Igowole, kule Mufindi, anaitwa Kalinga. Chanjo zikiisha Mafinga ananipigia mimi, nampandishia basi ndani ya barafu, na tarehe hajakosea hata siku moja. Hata pasaka anakumbuka mbwa kwanza." Akaandika namba chini ya maneno ya Bupe, na chini yake vitu vya kukagua, fizi, macho, tumbo, kadi. "Lakini jiandae. Anauliza maswali kama mkwe. Na hiyo ndiyo dalili nzuri, mama. Anayeuza mbwa bila kukuuliza kitu, mkimbie."

Lusekelo ndiye aliyepiga simu, akamkuta mzee ameshuka Mafinga. Akaongea dakika kumi, akacheka peke yake, akakata. "Wapo wanne. Anasema uje mwenyewe. Na bahati yako, Jumamosi tunapanda kiwandani Mgololo kuchukua karatasi, tunapita hapohapo Igowole. Nauli bure. Ila we Bupe, unajua unaenda kununua mbwa kwa Wahehe? Tuwahi, tusije tukakuta supu."

Utani huo, kwamba Wahehe wanakula mbwa, kila mtu anaujua, mpaka watoto wa chekechea. Bibi hakuusikia, ila aliona mdomo, akampiga Lusekelo begani. Ijumaa jioni akakata mkungu wa ndizi mbivu nusu, akasema mtu haendi kwa watu mikono mitupu, hata kama anaenda kununua kitu cha kipuuzi.

Wakaondoka saa tisa usiku. Kulipopambazuka Bupe alikuwa amekaa katikati ya dereva na mkungu wa ndizi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na baridi ya Mufindi inaingia mpaka kwenye soksi. Saa nne walikuwa getini kwa Mzee Kalinga.

Alikuwa mzee mrefu, koti la sufu, kofia ya sufu, na buti za kiwandani ambazo zimestaafu pamoja naye. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka ishirini na sita.

"Kamwene," akawasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mzee, shikamoo," Lusekelo akaitika. "Vipi, mbwa bado wapo au tumefika wakati wa chakula?"

Mzee Kalinga hakutikisika hata kope. "Mmechelewa. Mkubwa wao tulimla Jumatano, na viazi. Umebaki mkia. Nimekuwekea wewe, maana kwenye simu nilisikia sauti ya mtu wa mkia."

Lusekelo akainama kukagua tairi la lori.

"Utani una wenyewe, kijana. Ukija nao nyumbani kwa mtu, uje umeshiba." Kisha akauona mkungu. "Naona mmekuja na kitanda na godoro. Mnyakyusa akisafiri bila ndizi anaugua njiani." Akaupokea kwa mikono miwili, akauingiza ndani mwenyewe, na Bupe akajua kwamba mzee ameupenda.

Honi ikalia. Dereva anataka kuwahi foleni ya kupakia. Lusekelo akaruka juu ya lori, akapaza sauti, "Saa tisa tunakupitia. Ongea, Bupe. Mdomo haulipiwi kodi."

Lori likaondoka na mdomo wa Bupe ndani yake. Wakabaki wawili, yeye na mzee.

"Sheria yangu ni moja," Mzee Kalinga akasema. "Anayenunua ndiye anayejibu. Mchana mbwa atakaa na nani?"

Bupe akatoa daftari.

"Miwani iko Mafinga inatengenezwa."

Bupe akatikisa kichwa.

"Na kichwa pia kinasomwa kwa miwani."

Basi ikabidi. Neno la kwanza lilitoka kama punje, la pili likafuata, na mzee hakumharakisha, alikuwa anamenya ndizi. Akamweleza bibi, nyonga, mwizi mwenye adabu. Mzee akauliza atalala wapi, atakula nini, nani atamrudisha kwa daktari chanjo ya pili ikifika na yeye yuko kambini. Bupe akasema Lusekelo. Mzee akasema basi amwandikie Lusekelo tarehe mkononi, kwa kalamu isiyofutika.

Ndipo akampeleka banda la jikoni. Mama mbwa alikuwa amelala pembeni ya mafiga, mrefu, mwekundu, miguu mifupi kama ya kigoda. Akanyanyuka, akamnusa Bupe viatu, akarudi zake.

"Nilianza na dume na jike, aliniachia mhandisi mmoja Mjerumani, mkataba wake ulipoisha," mzee akasema. Akavuta karatasi ya kaki iliyoviringishwa, akaifungua mezani, ikateleza mpaka sakafuni. Ilikuwa ukoo mzima wa mbwa, mwaka hadi mwaka, nani kazaa na nani, nani kafa kwa nini. Majina mengine yalikuwa yamekatwa kwa mstari mwekundu. "Hao walikuwa na mgongo mbovu. Niliacha kuwazalisha. Ukiona mgongo, acha, hata kama mteja amesimama na hela."

"Bei?" Bupe akauliza, akashangaa kwamba ameuliza.

"Wenye damu tupu nawauza laki nne, wanakwenda Iringa mjini. Hawa, mama yao alitoroka siku mbili akarudi na siri. Baba ni wa hapahapa kijijini, simtaji, ana heshima yake. Laki moja. Lakini nitakwambia ukweli, damu ya hapa imewapa mgongo kuliko wenzao."

Watoto walikuwa wanne kwenye gunia, wiki tisa. Bupe akafanya kama Waridi alivyomwagiza. Akawafunua fizi, zilikuwa na rangi ya pinki kama ulimi wa mtoto. Macho safi. Matumbo laini. Kadi nne, kila moja na stika ya chanjo na tarehe ya dawa ya minyoo. Kulikuwa na mmoja mnene, mzuri, kifua kipana, ambaye alimlalia mguu papohapo kama mtu aliyemaliza kutafuta nyumba.

"Sasa," mzee akasema, "umesema kazi yake ni hodi. Toka nje, funga mlango, piga hodi. Tuone nani ana kazi."

Bupe akatoka. Akasimama mbele ya mlango wa mbao, pua imepoa kwa baridi. Akasema, "Hodi."

Kimya.

"Wanasema hawajasikia," sauti ya mzee ikatoka ndani. "Na mimi vilevile."

"Hodi."

"Hapo nimesikia upepo."

Mara ya tatu alivuta hewa, akafunga macho, na ilitoka ndogo kuliko zote, kama mvuke. Lakini ndani kitu kikakohoa. Kikakohoa tena, kikali, halafu makucha madogo yakaanza kukwaruza ubao upande wa pili, chini kabisa.

Alipofungua alikikuta pale kile kidogo kuliko vyote, chekundu, sikio moja limesimama na lingine limelala. Wenzake watatu walikuwa wanakoroma. Yule mnene alikuwa amegeuka chali.

Mzee Kalinga akatoka nje mwenyewe, akapiga hodi moja ya kiwandani, na wote wanne wakaruka. Akarudi. "Kwa hodi yangu hata jiwe lingebweka. Yako nimeisikia mimi? Sijaisikia. Yeye ameisikia." Akakinyanyua kile kidogo, na badala ya kumpa Bupe, akakigeuza tumbo juu. Kwenye kitovu palikuwa na uvimbe, kama punje ya haragwe. Akaubonyeza kwa kidole gumba, ukaingia, akaachia, ukarudi.

"Kwa hiyo huyu simuuzi."

Bupe akaugusa uvimbe kwa ncha ya kidole.

"Vitovu vingi vinajifunga vyenyewe. Vingine vinataka kushonwa, na kushona ni hela kuliko mbwa. Daktari anakuja kutoka Mafinga Jumatano. Kabla hajamshika, hatoki hapa. Sijawahi kumpa mtu mbwa nikamwachia na deni la mbwa. Chukua yule mnene. Mzima kama chuma, nakupunguzia na elfu ishirini, kwa ajili ya ndizi."

Saa tisa lori likafika, limejaa mizigo mikubwa ya karatasi. Lusekelo akashuka, akasikiliza habari yote, akamwinua yule mnene, akampima kwa mikono. "Huyu ndiye. Ana uso wa mjumbe wa nyumba kumi. We unasubiri nini?"

"Hasikii," Bupe akasema.

"Atajifunza. Bibi ana kichwa kigumu na alijifunza WhatsApp."

"Lusekelo, kambi ni Jumatatu ya pili kutoka leo," Bupe akasema, na dereva akageuza shingo, kwa sababu alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo. "Nikimpeleka huyu, wanakuwa wawili ndani ya nyumba wasiosikia. Nitamsubiri mdogo. Daktari akisema mzima, wewe utampitia. Akisema mbaya, basi, nitajua la kufanya."

Lusekelo akamrudisha mnene kwenye gunia kwa heshima.

Mzee akachukua elfu kumi tu ya kushika nafasi, akaiandika nyuma ya kadi ya kile kidogo, mahali pa jina akaacha wazi. "Hapa mtandao hakuna," akasema. "Ninapoupata ni kanisani, kule juu, Jumapili baada ya ibada. Wachungaji wawili wamenisema, nimezoea. Tuma huko, nitaona."

Jumatano ikapita. Bupe akamfikiria daktari na kidole chake gumba siku nzima, hata somo la baiolojia likaingilia sikio hili likatokea lile. Alhamisi bibi akaunguza maharage huku kifuniko cha sufuria kinaruka na kulia. Ijumaa mtu wa kusoma mita ya maji alisimama nje robo saa, akaandika "hakuna mtu", na bibi alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anaimba.

Jumamosi jioni begi la kambi lilikuwa limefungwa, ndoo imeandikwa jina, na hela ya mbwa Lusekelo ameikunja kwenye soksi maana Jumanne lori linapanda tena Mgololo. Bibi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Bupe akamwonyesha picha ya kile kijibwa, ile moja iliyopigwa kwa simu ya Lusekelo, sikio juu, sikio chini.

Bibi akaisogeza karibu na macho. "Huyu sikio moja ndilo linafanya kazi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Basi tutaelewana. Na mimi moja lipo." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubali, hata nusu. Akarudi kwenye mahindi yake kama vile hakusema kitu.

Bupe akasogea mpaka katikati ya ua. Akaishika simu, akabonyeza pa kurekodi sauti. Akatazama huku na huku, nyumba saba, madirisha kumi na mangapi. Kisha akafungua mdomo.

"Hodi."

Ilitoka nzima. Ilipita juu ya bati, ikagonga ukuta wa jirani, ikarudi. Kuku wakanyanyua vichwa. "Karibu," mama mmoja akaitika nyumba ya tatu. "Karibu ndani," mwingine akadakia kutoka chooni. Bupe akahisi masikio yanaungua mpaka ndani, lakini kidole kilikuwa kimeshaachia, na sauti imeshaondoka.

Chini yake akaandika haraka: *Shikamoo babu. Ni Bupe wa Iyunga. Daktari amesemaje kuhusu kitovu? Ukirudi nyumbani mfungulie hiyo sauti yule mdogo, ukiwa nje ya mlango. Bibi amemkubali. Jumatatu asubuhi nakabidhi simu.*

Alama moja ya kijivu, ujumbe haujafika. Akakaa na bibi, wakapukuchua debe zima. Alama moja. Jumapili ibada ya Igowole ikaisha, kwa hesabu ya Bupe, saa tano. Saa sita, akitazama, akaona zimekuwa mbili, umefika. Saa saba mbili. Saa kumi mbili, za kijivu vilevile, haujasomwa, na bibi anamwambia aache kuikodolea simu macho, maji hayachemki kwa kutazamwa.

Hodi ni tatu, na mtu haondoki mlangoni kabla ya ya tatu. Yeye alikuwa amepiga moja. Akaichukua simu juu ya begi, akavuta hewa, akatoka tena uani kupiga ya pili.